Kikombe Kimewekwa Chini: Maisha ya Mwalimu Milcah Nerima Wamalwa

Mwalimu Milcah Nerima Wamalwa, tunayemlaza leo hapa Molo kando ya mumewe, alizaliwa tarehe 3 Mei 1956 katika landi za reli, nyumba za wafanyakazi, mjini Nakuru. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Yohana Makokha, aliyekuwa akibadilisha njia za treni, na marehemu Mama Rasoa. Midomo ya kulishwa ilikuwa tisa. Aliyeacha uji kikombeni aliukuta asubuhi, baridi, ukimngoja.

Alisoma shule ya watoto wa reli, akamaliza kidato cha nne mwaka 1974, na akafuzu ualimu wa chekechea mwaka 1978. Kwa miaka arobaini alifundisha watoto wadogo, mingi kati ya hiyo katika mtaa wa Free Area. Wengi mlioketi hapa mlipita mikononi mwake na mnaikumbuka sheria yake: kikombe kinamalizwa.

“Mwalimu, nimeshiba.”

“Tumbo lako halijaniambia. Maliza.”

Tarehe 12 Aprili 1980 alifunga ndoa na Joram Wamalwa, fundi wa injini. Walijaliwa watoto wawili, Abby na Gideon. Joram alifariki mwaka 2011, na tangu hapo Mwalimu alipika chakula cha watu wawili akala cha mmoja.

Alipostaafu mwaka 2018, darasa lake lilimpa zawadi: simbilisi mchanga, yule mnyama mdogo asiye na mkia anayefugwa pamoja na sungura. Watoto walikuwa wamempa jina la Inspekta, kwa sababu alikaa pembeni, akamkodolea kila mtu macho, kisha akaondoka bila kusema neno. Nyumba ikapata tena wa kupiga kelele, kila kisu kilipogusa sukuma wiki.

Kufikia mwaka 2024 Inspekta alikuwa mzee. Meno yalipinda, miguu ya nyuma ikalegea. Mwalimu alimtandikia sweta za marehemu Joram, akamwosha kwa maji ya vuguvugu, akamsagia sukuma wiki na kuichanganya na uji wa wimbi, akamnywesha kwa bomba la sindano lililotolewa ncha. Mdogo wake, Levis, aliyekuja na gunia la viazi kutoka Molo, alicheka mlangoni.

“Dada, unamlisha panya kama askofu?”

“Si panya. Na kwa hesabu ya kwao amekuzidi umri. Msalimie.”

Levis akamsalimia.

Siku moja ya Julai mwaka huo Inspekta alikataa uji. Aligeuza uso, akafumba mdomo. Mwalimu alimfunga kwa taulo, akamwambia, “Kikombe kinamalizwa,” akasukuma bomba. Uji ukaingia mapafuni. Alikufa akipigana na mikono iliyompenda kuliko yote. Mwalimu alimzika chini ya ua wa miiba ya kayaba, na jioni hiyo hakula.

“Aliniambia mapema,” alimwambia Abby. “Mimi nilikuwa nasikiza kikombe. Sasa sikiza wewe: siku nitakayogeuza uso, usiache mtu animalizishe kikombe.”

Oktoba madaktari walimkuta na saratani ya umio, pale koo linapopitisha chakula. Alitibiwa, akakonda. Kufikia Februari mwaka huu hata maji yalipita kwa kijiko. Jamaa walikuja kama sisi tunavyokuja, na chupa za chai, supu ya kuku na maziwa ya mala. Kwetu mgonjwa hupendwa kwa kijiko.

Alhamisi tarehe 13 Machi, Levis alileta uji wa wimbi alioukoroga mwenyewe. Mwalimu aligeuza uso ukutani.

“Dada, kijiko kimoja tu.” Akamshika kidevu.

“Mjomba, mwache,” Abby akasema.

“Nimwache? Unataka tumzike dada yangu na njaa?”

“Alisema mwenyewe. Baada ya Inspekta.”

“Yule alikuwa mnyama, Abby! Huyu ni Nerima!”

Mwalimu hakuwa na sauti tena. Alifumba mdomo tu, macho kwenye ukuta. Levis alisimama na kikombe mpaka mvuke ukaisha. Kisha akakiweka juu ya stuli, kimejaa, akapiga magoti.

“Basi, Mwalimu,” akasema. “Tumbo lako limeniambia.”

Alifariki kesho yake, Ijumaa, saa tatu asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wa nduguye. Uji ulikuwa bado juu ya stuli, umeshika utando. Alikuwa na njaa; hilo hatutalificha. Lakini hakufa akipigana nasi.

Ameacha watoto wake Abby na Gideon, mkwe wake Kihara, wajukuu watano, ndugu yake Levis, na watoto wote wa Free Area waliomaliza vikombe vyao kwa kumwogopa, kisha kwa kumpenda.

Apumzike kwa amani ile aliyoiomba.