Mjukuu wa Ivy

Basi la kwenda Shepparton, mji wa kusini mwa Australia, lilipita kwenye ukungu wa mto, mikaratusi ikielea kama ndotoni. Kelvin, aliyekuwa akienda kuhukumiwa kwa kuvunja duka, alijifanya amelala. Kwenye kiti cha mbele yake, Shangazi Noreen, kama wote walivyomwita, mmoja wa wazee wa Kiaborijini wanaoketi na hakimu kesi za vijana wao zikisikilizwa, alikuwa akibishana na abiria mwenzake.

“Mnawabembeleza tu, mama. Dawa ya mwizi ni jela.”

“Jela mtu analala, mwanangu. Kwetu anajibu. Hakimu anamuuliza kafanya nini, sisi tunamuuliza yeye ni wa nani.”

“Na akirudia?”

“Tutamuuliza tena.”

Yule abiria akaguna. Basi likasimama. Shangazi akageuka nyuma. “Haya, mjukuu wa Ivy, nishike mkono tushuke.”

Kelvin, aliposikia jina la bibi yake, akafumbua macho, akampa mkono.