Fundi Hodi Akubali Kuondoka

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, fundi wetu wa seva, zile kompyuta kubwa zinazohifadhi mafaili, anastaafu. Angestaafu mwaka juzi kama si ubishi wake. Nalisema hilo mbele yake, maana chai ya ofisi naipika mimi, na umri nimemzidi.

Alianza kwa kubeba nyaya, leo ni mkuu wa chumba cha mashine. Siku hizi programu za hospitali tunazozitunza zinakaa kwenye vijisanduku vya ndani ya kompyuta wanavyoviita kontena, navyo vyote vinachota mafaili kwenye seva zake. Seva ikizimia, daktari haoni picha ya mgonjwa. Ndiyo maana akatunga ukaguzi unaojiendesha wenyewe, unaoipigia kila seva hodi kutwa kucha. Jina la Fundi Hodi likamganda.

Ukaguzi wa kwanza ulimwaibisha. Seva moja iliitika kwamba ipo, asubuhi nzima, na huku haitoi faili hata moja, kama mkwe mvivu anayeitika akiwa kitandani. Wagonjwa wakasubiri, madaktari wakafoka. Hakumsingizia mtu. Aliuandika upya: sasa seva haiulizwi kama ipo, inapewa faili dogo ili ilihifadhi na kulirudisha palepale. Ikishindwa inawekwa kando, nyingine inashika kazi yake.

Lakini mwenyewe hakuuamini! Kila asubuhi alizipapasa mashine kwa kiganja kama mama mwenye mtoto wa homa. Likizo alizikatiza njiani. Mkewe alinipigia simu kuuliza kama mumewe kaoa seva. Nikamjibu kaoa, tena mitala.

Mwezi uliopita akazaliwa mjukuu wake wa kwanza. Nikamnyang'anya simu, nikaifungia kabatini na vikombe, nikamfukuza aende. Siku hiyohiyo seva ikaanguka. Ukaguzi ukaikamata, nyingine ikashika kazi, hospitali haikujua lolote. Aliporudi na kusikia, alinuna: kumbe hakuna aliyemhitaji! Nikamwambia mwenye kichwa kigumu huyu kwamba huo ndio ushindi wake, amejenga kitu kinachokesha ili yeye alale. Akacheka, akanywa vikombe viwili, akaenda mwenyewe kumwambia mkurugenzi wetu kwamba sasa ataondoka.

Ahsante, mdogo wangu. Kalee mjukuu, uwe na afya na usingizi mnono. Siku ukipita huku, piga hodi. Hatutaitika tu, tutafungua mlango.