Sabuni Yenye Msalaba wa Mkaa

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kuweka na kukopa, wazee wetu shikamooni, na ninyi wengine habari za tangu juzi. Mimi mnayeniona hapa na tai shingoni niliwahi kuamini kwamba kuna noti zinazotembea. Mtu analipa dukani kwako, unaiweka noti yake kwenye droo, na ukishafunga mlango ile noti inawaamsha wenzake: "Jamani, twendeni." Zinatoka mstari mmoja kama watoto wa chekechea, zote zinakwenda kwa yule aliyelipa. Wenyewe mnaiita chuma ulete. Nansio nzima iliiamini, lakini mimi niliiamini kuliko Nansio nzima ukiongeza na kisiwa cha Ukara.

Msicheke bado, sijafika.

Nilikuwa karani kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba huku Mwanza. Ilipofika ile miaka ya mageuzi kiwanda kikapunguza watu, nami nikapungua. Kiinua mgongo changu nikakitia kwenye duka Nansio, kule kisiwani, nyumbani kwa mke wangu. Ruhusa ilikuwa imetoka, kila mtu auze. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni mpaka nyayo zinaota mizizi, sasa ilikuwa imejaa hadi vichochoroni.

Siku ya kufungua, baba mkwe akanishika bega. "Mkwe, likikushinda, jembe lako lipo nyuma ya mlango wangu."

Alisema kwa upendo. Lakini ndugu zangu, nawaambia, mwanamume anayelishwa ukweni, hata tonge la ugali linamtazama. Nikaapa jembe lile litaliwa na mchwa.

Na elimu nilikuwa nayo! Nilisoma shule ya jioni, darasa zima balbu moja, na balbu yenyewe ikizimika mwalimu anaendelea. Nikapata cheti cha biashara. Kanuni naijua hata usingizini: chukua bei uliyonunulia, ongeza faida kidogo, uza. Basi nikanunua mzigo Mwanza, nikavuka na meli, nikabandika bei, na bei yangu haikutikisika mpaka mzigo uishe. Wenzangu wenye maduka pale gatini walikuwa wanapandisha bei kila meli inapofika. Nikawaita wanyang'anyi mbele ya wateja. "Sabuni ni ileile, nimeinunua mwezi uliopita, nikuumize kwa nini?"

Wateja walinipenda jamani! Foleni yangu ilianzia dukani ikaishia ziwani, wa mwisho wakawa wanaoga wakisubiri zamu.

Mzigo ukiisha nachukua mauzo yote narudi Mwanza. Mara ya kwanza nilileta boksi kumi za sabuni. Mauzo ya hizo kumi yakanunua nane, na ya nane yakanunua sita. Kwamba bei ya jumla imepanda niliiona, nikaguna, nikabandika bei mpya, nikaendelea na kanuni yangu. Kwangu mimi bei kupanda ilikuwa kama mvua kunyesha, nani anaihesabu mvua? Nilichojua ni kwamba hesabu zangu zinasema faida, na rafu zinasema hasara.

Mke wangu akasimama katikati ya duka, mikono kiunoni. "Baba watoto, hizi sabuni unazila?"

"Kuna mtu anatuchukulia," nikamjibu kwa sauti ya chini. "Na ninamjua."

Nilimjua kweli. Alikuwa mama mmoja wa Mwanza, mnene, mwenye sauti ya kengele. Anashuka melini, ananunua boksi nzima nzima, analipa noti mpya zinazokwaruza, na haombi kupunguziwa. Ndugu zangu, mteja asiyeomba kupunguziwa, huyo ni binadamu?

Nikajikinga. Nikamwaga pilipili ya unga kwenye droo, ikawa kila nikirudisha chenji tunapiga chafya mimi na mteja. Halafu kila boksi nikaichora msalaba mkubwa wa mkaa.

Ikafika wiki ambayo boksi zilibaki nne. Asubuhi hiyo nilimwona baba mkwe uani kwake akilitia jembe mpini mpya. Aliponiona akanitabasamia. Nikaingia dukani, na nani anasimama mbele yangu? Yule mama. Anazitaka zote nne.

"Mama, leo sikuuzii," nikasema. "Noti zako nimezijua."

"Zimefanya nini?"

"Zinaondoka na za kwangu."

Alicheka mpaka akakalia boksi. Kisha akapiga chafya, akacheka tena. "Mwanangu, yaani mimi mchawi, halafu wewe ndiye unayenipulizia pilipili? Haya. Kesho panda meli twende wote, ukaone pesa zako zinakokwenda."

Nikamtazama mke wangu. "Nenda," akasema. "Akikugeuza mbuzi, nitakutambua kwa kelele."

Nilivuka ziwa nimekumbatia boya. Mwanza tukapanda kutoka bandarini hadi sokoni, kwenye kibanda chake. Na pale, ndugu zangu, nikaziona boksi zangu zimepangwa, kila moja na msalaba wa mkaa, hata ule mmoja niliouchora umepinda! Mwenye duka mmoja kutoka Buswelu, hukuhuku Mwanza, akaja mbele ya macho yangu, akanunua mbili, akaondoka anashukuru.

Mama akanionyesha kidole duka la jumla la ng'ambo ya barabara. "Nenda kaulize bei ya boksi moja leo."

Nikauliza, wakanitajia. Nikawaomba warudie. Ilikuwa juu ya bei niliyokuwa nikiuzia kule kisiwani! Yule mama alikuwa anavuka ziwa, analipa nauli, analipa wapagazi, na bado anapata faida kwa kuwauzia watu wa Mwanza sabuni iliyotoka Mwanza.

Tangu siku hiyo sibandiki bei kabla sijajua boksi inayofuata itanigharimu nini. Kila meli ikifika niko gatini, na kabla ya salamu nauliza, "Sukari ya jumla leo vipi? Sabuni vipi?" Nansio wakaniita Bwana Leo Vipi, na jina hilo nalipenda kuliko cheti changu.

Nawashukuru ninyi wanachama mlionikopesha nikiwa na boksi nne na aibu. Nawashukuru wenye maduka wa gatini, niliowaita wanyang'anyi na wakaniachia nafasi ya kusimama nao. Mke wangu sina la kumlipa. Baba mkwe hajambo, na jembe analilimia mwenyewe, anasema mpini ni mzuri sana.

Na yule mama simtaji jina, lakini maneno yake nayaacha kwenu. Siku ile nilipotoka kuuliza bei, bado nilikuwa naing'ang'ania chuma ulete yangu. "Sasa mama, pesa zangu alizichukua nani?"

Akajifunga kanga yake vizuri, akaniambia polepole, kama anayemlisha mtoto uji:

"Hakuna aliyezichukua, mwanangu. Ulikuwa unauza kwa bei uliyonunulia, na duka linajazwa tena kwa bei ya leo."