Mkono Usiopakwa Dawa

Kwa nini mkono wa kushoto ulipona na wa kulia ukabaki na maumivu yake, Fundi Saa hakujua siku ile na hajui hadi leo. Dawa aliipaka kulia: wiki sita, asubuhi na jioni, krimu ya sumu ya nyuki aliyotumiwa na mkewe katika kikopo cha manjano. Hata hakuisugua kwa mkono mwingine. Aliipaka kwa brashi ndogo anayofutia vumbi ndani ya saa. Alipochoka kuumiza kichwa peke yake alilipeleka jambo hilo kijiweni, kwenye benchi lililo kati ya kibanda chake na cha kinyozi, ambako Shangazi huuza kahawa tangu alasiri. Kinyozi mwenyewe wanamwita Tajiri, kwa kuwa hajawahi kuonekana na chenji. Wa nne ni Hakimu, karani mstaafu wa mahakama, ambaye hajahukumu mtu maishani ila amepiga chapa hukumu za watu wengi.

— Fumba tena, alisema Hakimu.

Fundi Saa akafumba. Vidole vya kushoto vikakunjika vyote. Vya kulia vikaishia njiani, vimevimba kwenye vifundo kama tangawizi.

— Mimi naliona wazi, alisema Tajiri. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Wewe umemfuata ukachukua sumu. Ulitegemea nini?

— Hiyo methali inahusu kazi, Tajiri.

— Na nyuki hafanyi kazi?

— Tulia, alisema Hakimu. Fundi, unalala ubavu gani?

— Wa kushoto.

— Basi kesi imekwisha. Sumu ni kitu cha majimaji. Unaipaka kulia, unalala, inateremka. Maji hufuata mkondo.

— Ipite kifuani kote, kwenye moyo, iende kutafuta kidole? aliuliza Shangazi.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, Shangazi. Ilivifuata vitano.

Shangazi akammiminia kahawa ili anyamaze. Haikusaidia, kwa sababu Tajiri alikuwa ameshashika zamu.

— Nyie hamjui nyuki. Nyuki akishadunga, anakufa. Kwa hiyo kopo lile ni matanga matupu. Marehemu elfu moja wamo mle na hasira zao. Unadhani watakwenda unakowaagiza? Mimi nilipaka kidogo tu, ukurutu huu wa shingoni.

— Ukapona?

— Shingo ilivimba mpaka wateja wakadhani nimenenepa. Nikanawa kwa sabuni mara nne. Ukurutu upo palepale, ila sasa unaniogopa.

— Unakuogopa vipi?

— Hauniwashi nikiutazama.

Wakacheka. Fundi Saa alicheka pia, akashika kikombe kwa mkono mzima.

— Ila mimi nina swali, alisema Shangazi. Mikono yote miwili ilikuwa inauma. Kwa nini upake mmoja?

— Ndivyo tunavyofanya kazini. Ukitaka kujua kama saa imepona, unaitundika kando ya nyingine ambayo hujaigusa.

— Mkono mmoja haulei mwana, alisema Hakimu kwa sauti ya mahakamani, na hakuna aliyejua alikuwa upande gani.

Jibu la Fundi Saa lilikuwa kweli, lakini lilikuwa nusu. Nusu ya pili hakuwahi kumwambia mtu. Mkewe alikwenda kwa binti yao kumsaidia kulea, akiaga kwa miezi mitatu tu. Mjukuu aliyemfuata sasa anatembea, anapanda viti. Kila Ijumaa simu hulia, na mkewe huanza vilevile: mikono inaendeleaje? Wakishamaliza mikono, husalimiana na kukata. Siku kopo lilipofika, Fundi Saa alikaa nalo kitandani, upande wake, upande wa pili ukiwa umetandikwa vizuri kama duka lililofungwa. Akapiga hesabu. Ikipona yote miwili, Ijumaa ataulizwa nini? Isipopona hata mmoja, mama wa watu atasononeka na dawa yake. Basi akaamua mmoja upone, apate la kumshukuru, na mmoja uume, apate la kuulizwa. Hata ulipopona mkono asioutarajia, hesabu haikuharibika. Kila Ijumaa alikuwa bado na mmoja wa kulalamikia.

— Labda kopo lilikosewa, alisema Tajiri. Liliandikwa la kushoto.

— Dawa ina kushoto?

— Viatu havina?

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama hapo muda, saa ya ukutani kwapani. Mwalimu, amehamia mtaani wiki ile. Shangazi alimsogezea nafasi, naye akakaa ukingoni kwa adabu.

— Samahani, baba, alisema. Nimesikia dawa imetoka kwa mama. Yuko mbali?

— Kwa binti yetu. Mwaka na nusu.

— Umemwambia arudi?

Hakimu akatazama ndani ya kikombe.

— Anajua, alisema Fundi Saa.

— Anajua nini, baba?

Fundi Saa akaipokea ile saa ya ukutani, akaigeuza mgongo.

— Iandikwe barua, alisema Hakimu hatimaye. Nina mashine yangu.

— Nipe namba nimpigie mimi, alisema Tajiri.

— Wewe utaanza na nyuki, alisema Shangazi. Fundi, piga mwenyewe, sasa hivi. Na usitaje mikono.

Simu iliita mara mbili.

— Leo Jumanne, alisema mkewe. Kuna nini? Mikono?

— Iache mikono. Haijambo. Mwenzangu, nataka urudi.

Kule mtoto alikuwa akigonga kitu, pengine sufuria.

— Sijasikia vizuri.

Alijua amesikia. Akarudia, kwa sauti iliyofika hadi kwa kinyozi wa mtaa wa pili.

— Mwaka na nusu, alisema mkewe polepole. Kila Ijumaa nakaa na simu hii. Nikasema huyu mzee kanizoea niko mbali. Ngoja, nizime jiko nikusikilize.

Walizungumza mpaka kahawa ikabaki mashapo. Ikaamuliwa afuatwe Jumamosi, asirudi peke yake kama mtu aliyefukuzwa. Hakimu akajitolea kusindikiza, na Tajiri akasema harusi haiendi bila kinyozi. Fundi Saa akawashukuru wote wawili, na Jumamosi alfajiri akaondoka peke yake.