Vaileth Gwakisa Mwambene, Mchezaji wa Nane wa Bangalore, 1954–2007

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Dorothea, kwa niaba ya familia. Rockville, Maryland, Jumamosi tarehe 31 Machi 2007.

Marehemu Vaileth alizaliwa tarehe 12 Agosti 1954 huko Kiwira, wilaya ya Rungwe, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Gwakisa Mwambene na Mama Tupokigwe. Alibatizwa akiwa na wiki tatu, siku ya mvua kubwa, na inasemekana alilia kuliko watoto wote waliobatizwa siku hiyo. Mama yetu alikuwa akisema mtoto huyu hakujaliwa miguu ya kutulia. Ukimtuma maji mtoni, ndoo inarudi nusu, na wala haikuvuja. Njiani alikuwa anacheza.

Alisoma shule ya msingi Kiwira kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, kisha akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana Loleza, Mbeya, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1972. Kwa miaka miwili alisaidia kwenye zahanati ya misheni, akifunga vidonda na kupima watoto uzito. Masista wa pale walimwona hana kinyaa wala uvivu, wakamtafutia nafasi ya kusomea uuguzi kwa masista wenzao wa India, katika jiji la Bangalore. Mwezi Julai 1975 akaondoka na sanduku moja la bati na sweta mbili, kwa sababu Mzee Gwakisa aliamini kwamba mbali kote kuna baridi. Alifika Bombay kwa ndege, akamalizia kwa treni, hamjui mtu hata mmoja.

Sasa hapa, ndugu waombolezaji, ndipo yanapoanza mambo ambayo sisi wadogo zake tumeyasikia mara mia na bado tunashika kichwa.

Bangalore ya wakati ule ilikuwa na Waayalandi wachache waliobaki tangu zamani: masista wawili watatu wa hospitali, mabruda wa shule, mhandisi mmoja, mjane wa mwenye shamba la kahawa, na wengine wa namna hiyo. Kila Jumapili ya pili ya mwezi, baada ya chakula cha mchana, walikutana kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, wakanywa chai na kucheza ngoma za kwao. Ngoma hizo huchezwa na watu wanane, wanaume wanne na wanawake wanne, wakipokezana mikono na kubadilishana nafasi. Ukumbi wenyewe ulikuwa na nguzo katikati, kwa hiyo ngoma za Ayalandi zilizokuja na meli ziligonga nguzo. Wakatunga yao. Ilizunguka nguzo, ikawa na vipande vitatu, na haikuwepo mahali pengine popote duniani, hata Ayalandi kwenyewe.

Mwezi Septemba 1975 Vaileth alitumwa ukumbini ampelekee Sista Attracta, mmoja wa wale masista wa hospitali, funguo za stoo ya dawa. Alikuta watu saba wanacheza na kiti. Mwenzao wa nane alikuwa amerudi kwao kuuguza wazazi, na mahali pake wakaweka kiti cha mbao, ambacho kila mmoja alikizunguka na kukipa mkono kwa heshima zote. Bruda Malachi, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, alikuwa ameketi pembeni akiwapigia akodiani.

Vaileth alisimama mlangoni, funguo mkononi, akaangalia mpaka akashindwa kujizuia.

"Sista, hicho kiti hakiwezi kugeuka," alisema.

"Wewe unaweza?" Sista Attracta akamuuliza.

Aliweza. Alikuwa na siku arobaini tangu afike mji ule, anakula chakula asichokijua na kulia chooni ili wenzake wasimsikie, na watu saba wazima wakamnyooshea mikono. Alisimama pale pale pa kiti, nafasi ya nane, na hakuiacha kwa miaka sita. Kipande cha tatu kilipofika siku ile ya kwanza hakujua afanye nini, akatoka peke yake kwenda mbele kwa Bruda Malachi akacheza anachokijua, ngoma ya Kiwira. Hakuna aliyemkataza. Tangu siku ile ikawa sehemu ya ngoma.

Alihitimu uuguzi mwaka 1978, akafanya kazi Bangalore hadi Agosti 1981, kisha akarudi nyumbani na kuajiriwa Muhimbili. Hapo ndipo alipomfahamu Bwana Cosmas Ndunguru, karani wa serikali, aliyekuja kuchomwa sindano na kuzimia kabla sindano haijamgusa. Walifunga ndoa tarehe 4 Desemba 1982. Mungu aliwajalia watoto wawili, Leonard mwaka 1984 na Anna mwaka 1987. Cosmas alipohamishiwa ubalozini Washington mwaka 1988, familia ikahamia huku, na mkataba ulipokwisha wakabaki Rockville. Marehemu alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee kuanzia 1991 hadi afya ilipomkatalia mwaka 2005. Wazee wa pale walimgombania. Kuna aliyekataa kumeza dawa mpaka atangulie kuonyeshwa hatua mbili za kucheza, na Vaileth alimwonyesha kila asubuhi kwa miaka minne.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2004, na mwaka uliofuata akaanza kusafishwa damu kwa mashine, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Hakulalamika sana. Alichonung'unikia ni kukatazwa ndizi.

Mwezi Oktoba 2006 ikaja barua kutoka Bangalore. Iliandikwa na binti wa Kiayalandi anayeitwa Dervla Tuohy, mmoja wa vijana waliofurika jiji lile siku hizi kufanya kazi za kompyuta. Alieleza kwamba vijana hao wanataka kufufua ngoma ya wazee wao waliowatangulia mji ule, na kuicheza sikukuu ya Mtakatifu Patrick, tarehe 17 Machi. Walikwenda kumuuliza Sista Attracta, mwenye miaka tisini na moja, wa mwisho aliyebaki hai kule. Sista alikuwa ameshasahau mengi. Aliwaonyesha picha ukutani, watu wanane na nguzo, akaweka kidole juu ya msichana Mwafrika.

"Muulizeni huyu," aliwaambia. "Yuko Marekani."

Jamani, hebu tulitafakari kidogo. Ngoma ya Waayalandi, iliyotungwa India, na duniani kote aliyebaki nayo kichwani ni mtoto wa Mzee Gwakisa wa Kiwira, mgonjwa wa figo, ghorofa ya pili, kando ya Rockville Pike.

Vaileth alijibu siku hiyo hiyo kwamba ataituma ikiwa kwenye mkanda wa video. Akakusanya watu wake: mumewe, binti yake Anna, Mwita wa ubalozini mwenye kamera, Nyaguthii jirani yake kutoka Nyeri, na wengine wanne wa kanisani. Jumamosi ya kwanza ya Novemba walikutana kwenye ukumbi wa parokia, wakasimamisha pipa la miavuli katikati liwe nguzo. Vaileth alimshika Cosmas bega ampeleke mahali pake, kisha akaduwaa. Miaka sita alikuwa amecheza sehemu moja tu, ile ya nane. Zile saba nyingine hakuwahi kuzicheza hata mara moja.

Aliwaomba radhi, wakarudi majumbani. Ndani ya gari alilia.

"Cosmas, nikiondoka na hii ngoma, ndiyo imekwisha," alimwambia mumewe. "Wale watu walinipokea. Nitawaambia nini?"

Cosmas akawasha gari, wakaenda nyumbani.

Jumatatu iliyofuata, akiwa kwenye mashine, mkono mmoja umefungwa mipira ya damu, Vaileth alifumba macho na kuanza kuunyoosha ule mwingine hewani. Muuguzi akadhani ana maumivu. Hakuwa na maumivu, alikuwa anashikwa mikono. Alimwambia Anna atoe daftari aandike.

"Mkono huu una vidole vinne, huyu ni Bwana Geraghty mhandisi. Kile kipande cha kidole kinanigusa hapa, upande wa gumba. Basi anatokea kushoto kwangu, na anaondoka kwa nyuma."

"Mom, that was thirty years ago," Anna alisema, akishangaa mama yake anakumbukaje mambo ya miaka thelathini. "How do you even know that?"

"Andika, mwanangu. Anayekuja sasa ni Sista, mikono yake baridi kama bomba. Amenivuta chini kidogo. Alikuwa mfupi, halafu alikuwa ameanza kugeuka."

Kwa wiki sita ikawa hivyo, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Kwa kila mkono uliowahi kumshika alijua mwenyewe anatoka wapi, anakwenda wapi, na nani anamsubiri huko. Kutoka sehemu moja akazitoa nyingine saba. Anna alijaza madaftari matatu, na yule binti aliyezoea kumjibu mama yake kwa Kiingereza akaanza kuuliza maswali kwa Kiswahili, kwa sababu mama akiwa amefumba macho alijibu Kiswahili tu. Sisi tuliokuwa tunampeleka na kumrudisha tulikaa pale tukimtazama. Tulikuwa na hofu, ile hofu ya mtu aliyeingia kanisani akakuta limejaa.

Jumamosi, mazoezi yalikuwa ya kelele na vicheko.

"Mama Leonard, hii mkono yangu imeconfuse kabisa," Nyaguthii alilalamika. "Si ningepewa kazi ya hiyo pipa!"

"Pipa halikosei, wewe unakosea," Vaileth alimjibu. "Rudia."

Palibaki pengo moja. Ni pale kwenye kipande cha tatu, alipokuwa akienda mbele kwa Bruda Malachi. Kwa nusu dakika nzima wenzake saba walikuwa nyuma yake. Miguu yao aliisikia ikipiga sakafu. Akimaliza na kugeuka, aliwakuta kila mmoja mahali pake. Walifanya nini hapo katikati, hakuna mkono uliomwambia. Enzi hizo hakuuliza, kwa kuwa mtoto wa Kiwira haulizi wakubwa walifanya nini nyuma yake, na sasa hakukuwa na wa kumuuliza. Jambo hili lilimnyima raha kuliko mashine.

Tarehe 20 Januari 2007 Mwita alichukua picha. Vaileth mwenyewe alicheza sehemu ya nane, dakika kumi na moja, bila kupumzika. Mahali pa pengo aligeukia kamera akasema kwa Kiingereza, pole pole, kwamba hapo hajui, aliwapa mgongo, wamsamehe. Mkanda ukatumwa.

Mwezi Februari hali yake ilibadilika. Moyo ulichoka, akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Tarehe 17 Machi ilipita akiwa amelala na barakoa ya hewa usoni, na hakuna habari yoyote iliyokuja kutoka Bangalore. Cosmas alikuwa akifungua kompyuta asubuhi na jioni. Vaileth hakuuliza kwa mdomo, lakini kila mumewe alipoingia alimtazama mikono kama imebeba karatasi.

Jumapili tarehe 25 Machi, Cosmas aliingia nayo. Anna akaisoma kwa sauti, akiitafsiri.

Dervla aliandika kwamba waliicheza, vijana wanane, mbele ya watu zaidi ya sitini, na Sista Attracta akiwa mstari wa mbele kwenye kiti cha magurudumu. Walikuwa wamemuuliza kuhusu lile pengo. Wakamwambia Vaileth anaomba radhi kwamba hajui wao walikuwa wanacheza nini nyuma yake.

Sista alicheka hadi akakohoa. "Hatukucheza kitu," aliwaambia. "Tulisimama tunapiga miguu, tunamtazama yeye. Kila Jumapili ya ngoma, miaka sita. Ndiyo sehemu tuliyoijia."

Vaileth alivua barakoa ya hewa.

"Waongo wakubwa hao!" alisema. "Miaka sita!"

Akacheka, na machozi yakimtoka, akamwambia Anna arudie kusoma. Anna alisoma mara tatu.

Alifariki dunia Jumanne tarehe 27 Machi 2007, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Marehemu ameacha mume, Cosmas, watoto wawili, Leonard na Anna, mama mzazi, Mama Tupokigwe, aliyeko Kiwira na anayetusikiliza sasa hivi kwa simu, wadogo zake wanne, wapwa wengi, na Bangalore ameacha watu wanane ambao hakuwahi kuwaona, ambao, wakifika kipande cha tatu, saba kati yao husimama, wakapiga miguu, na kuitazama nafasi yake.

Vaileth wetu, Bwana akupe pumziko la amani. Na ukishapumzika vya kutosha, cheza.