Santuri ya Besi Ilitolewa Nchi Gani?

Ilianza Jumanne, tarehe kumi na nne, saa kumi na dakika kumi alasiri, kwenye benchi lililo mbele ya duka la fundi redio. Benchi lenyewe ni la mbao tatu, ya kati imepinda, na kila mwenyeji wake anapajua pake kama ulimi unavyolijua pengo. Fundi redio, ambaye wote humwita Waya, hukaa upande wa mlango ili aonekane yuko kazini. Breki, dereva wa lori aliyestaafu, hukaa kati. Upande wa kivuli hukaa Besi, aliyepiga gitaa la besi ujanani, na ambaye kwa miaka thelathini na minane amepewa kikombe cha kwanza cha kahawa kwa sababu moja tu: santuri yake ilitolewa ng'ambo. Siku hiyo mpwa wake, anayefanya kazi maktaba ya redio, alikuja na santuri hiyo hiyo, ameibeba kama mtu aliyeazimwa mtoto. Alikuwa ameisaini kwenye daftari la vitu vinavyotoka, saa na dakika. Kesho yake saa nne orodha ya santuri zote za maktaba ilikuwa inakwenda kuchapwa. Zilikuwa mia sita na kumi na moja, na mia sita na kumi zilishakamilika. Hii moja ilibaki na kisanduku kitupu, cha tisa: nchi ilikotolewa. Na kisanduku kitupu kilimnyima binti huyu usingizi kuliko mbu.

— Shikamoo, mjomba. Shikamooni.

— Marahaba, mama. Mbona unahema?

— Mjomba, hii ilitolewa nchi gani?

Besi akawageukia wenzake kama wakili mwenye kesi nyepesi.

— Haya, mwambieni.

— Ng'ambo, wakasema wawili kwa pamoja.

— Ng'ambo si nchi. Nyimbo zilirekodiwa hapa hapa mjini. Jalada linasema limechapwa nchi jirani. Namba iliyokwaruzwa karibu na lebo ni ya kiwanda cha ng'ambo. Hizo ni nchi tatu, na kisanduku ni kimoja.

— Andika zote, akasema Breki. Haba na haba hujaza kibaba.

— Haturuhusiwi. Inatakiwa nchi ilikotolewa, si ilikopitia.

— Basi nisikilize mimi niliyepitia. Mzigo ni wa pale ulipogongwa muhuri. Unaweza kupakia viazi huku, ukavipeleka kule, lakini mwenye muhuri ndiye baba yake.

— Viazi vina baba? akauliza Waya.

— Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Hiyo methali umeiokota wapi, na inakwenda wapi?

— Inakwenda mpakani. Nyie hamjui. Kati ya kizuizi chao na kizuizi chetu kuna kipande cha barabara kisicho cha mtu. Mimi nimelala hapo siku kumi na moja na shehena ya vigae. Kama santuri ilitoka kwao na haijaingia kwetu, ilitolewa hapo. Andika: Katikati.

— Katikati haimo kwenye jedwali la nchi, mzee Breki. Nina jedwali.

Binti alikuwa nalo kweli, limekunjwa mara nne. Waya akasogeza redio aliyokuwa ameifumua, akajifuta mikono kwenye suruali.

— Mnasoma makaratasi. Santuri husikilizwa. Chini ya wimbo kuna mvumo, ule wa umeme wa kiwandani. Umeme wa kila nchi una mvumo wake. Mimi huu nimeusikia redioni mara mia, na nasema si umeme wetu.

— Umejuaje?

— Wa kwetu ungekatika kabla ya kibwagizo.

Besi alicheka hadi kahawa ikamwagika. Binti akaisogeza santuri mbali na kikombe, kisha akaisogeza tena.

— Na hiyo ndiyo nchi ya kweli, Waya akaendelea, maana sasa alikuwa amepata mteremko. Nchi ya santuri ni nchi ya umeme wake. Na umeme hutoka mtoni. Tafuta mto.

— Nitafute mto?

— Mto, na juu yake mlima. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

— Hebu leta hapa niweke kwenye gramafoni ya Waya tuusikie, akasema Breki.

— Sindano ina muda gani? binti akauliza.

— Miaka sita tu.

— Basi hapana.

Hapo ndipo alipowasili mama mmoja na pasi iliyoungua waya. Hakuwa mtu wa benchi, alikuwa mteja. Akasimama kungoja fundi amalize kubishana. Santuri ilikuwa mbele yake, akaigeuza kwa ncha za vidole. Lebo ya upande wa pili ilikuwa nyeupe, haina neno.

— Samahani jamani. Hii iliwahi kuuzwa?

Breki akainama kuitazama lebo.

— Nauliza tu, mama akasema. Kuna aliyeiona dukani? Huku, kwa jirani, popote?

Waya akamtazama Besi. Breki akakitazama kiatu chake. Binti hakuhitaji kumtazama mtu. Lebo ile nyeupe aliiona wiki nzima na akaandika "imebanduka". Sasa aliigusa: haikuwa na gundi, haikuwa na mkwaruzo. Ilikuwa nakala ya majaribio, ile ambayo kiwanda hutuma ili wenye nyimbo wasikilize kabla ya kuchapa nakala nyingi.

— Mjomba, mlitumiwa ngapi?

— Mbili, akasema Besi. Moja ilivunjika posta.

— Na nyingine?

— Ndiyo hiyo.

— Redioni ilifikaje?

— Niliipeleka mwenyewe, kwenye bahasha. Kwa baiskeli.

— Na zile za kuuza?

Besi akakizungusha kikombe mkononi.

— Kiwanda kiliandika zitafuata.

Mama akaiweka pasi kwenye meza ya fundi, akaomba aitwe ikiwa tayari. Breki ndiye aliyeinuka mwishowe, akachukua birika, akamjazia Besi kikombe, ingawa hakikuwa kimekwisha.

Asubuhi yake, saa mbili na dakika arobaini, binti alimpigia simu mjomba wake kutoka maktaba.

— Mjomba, kwenye kisanduku cha tisa inabidi niandike "haikutolewa".

Akasikia redio ikizimwa upande wa pili.

— Hilo ndilo neno lake?

— Ndilo.

— Na mimi niko wapi humo?

— Lebo ina jina la bendi peke yake. Lakini kuna kisanduku cha kumi na nne, cha wapigaji.

— Kina kitu?

— Hakina. Nitajie majina yako yote matatu, polepole.

Akamtajia. Binti akaandika kwa wino, akaongeza "besi", akamsomea herufi kwa herufi.

— Andika kwa herufi kubwa, akasema mjomba.

Kanuni ya orodha ilikataza. Aliyaandika yote matatu kwa herufi kubwa, akangoja wino ukauke, akapeleka orodha.