Nukta Nyekundu kwenye Daftari la Mto

Sikilizeni, bhana bhane, wanangu, na mlango uacheni wazi ili Januarius aliyekaa hapo nje asikie, maana sehemu ya maneno haya ni yake, nami sina pumzi ya kuyasema mara mbili.

Miaka kumi na tisa nimekuwa msoma kipimo wa Serikali katika mto Simiyu. Kila asubuhi niliteremka hadi kwenye ule ubao wenye namba uliosimikwa majini, nikaandika daftarini maji yamefika wapi, na kila mwisho wa mwezi mkaguzi alikuja kulinganisha. Kisha soko la pamba likafunguliwa. Mkaguzi akapunguzwa kazini, na pamba tuliyokuwa tukiuza kwa chama cha ushirika tukaanza kuipeleka Mwandoya kwa wanunuzi binafsi, tukilala kwenye foleni ya mizani siku tatu, nne. Niliporudi nilijaza siku zile kwa namba za mwaka uliopita. Hakuna aliyeuliza. Msimu uliofuata sikuteremka mtoni hata nilipokuwa nyumbani.

Mwaka wa tisini na saba akaja mhandisi pamoja na mwenye shamba kubwa la mpunga. Mhandisi akafunua daftari langu, akauliza, "Mzee, kiangazi maji hayashuki chini ya hapa?" Nikajibu, "Ndivyo ilivyoandikwa." Kwa namba hizo shamba likapewa haki ya maji, wakajenga banio kuukatiza mto, nasi majirani tukapewa mfereji, tukachimba yale majaruba sita ya mpunga ambayo wewe, Luhaga, unayahesabu kuwa urithi wako.

Baba yangu alitukataza kuvua ningu wanapopanda kutoka ziwani wakati wa mvua, wana mayai tumboni; tuliwavua wakishuka. Mvua ya kwanza baada ya banio, ningu walifika ukutani wakakwama, na kijiji kizima kikateremka na vikapu na vyandarua, nami nilikuwamo, na mama yenu alipasua matumbo hadi mayai yakajaa karai. Mwaka wa tatu hakuja hata mmoja. Kiangazi vidimbwi vya kambare navyo vikakauka, kwa kuwa maji niliyoyaandika hayakuwepo.

Mkutano ulipoitishwa kuulizwa samaki wamekwenda wapi, nilisimama nikasema ni nyavu za Januarius. Zikachomwa mbele ya watoto wake. Akaniambia, "Mzee mwenzangu, mto umekauka lakini daftari lako limefurika. Wajukuu zako watavua humo." Watu wakacheka. Tangu siku ile sikumwamkia.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenifikisha hadi kwenye kitanda hiki.

Muda wa ile haki ya maji umekwisha. Alhamisi watu wa idara ya maji wanakaa mjini kuiandika upya, kwa daftari lile lile. Nakala yangu imo sandukuni, chini ya vitenge vya mama yenu. Penye nukta nyekundu sikufika mtoni. Nyamizi, ipeleke wewe, useme mbele ya watu kwamba baba yako alidanganya. Simpi Luhaga, kwa sababu jana aliniuliza, "Baba, huo ukweli wanangu wataula na mboga gani?" Sijui, Luhaga mwanangu. Majaruba huenda yakakauka. Mashamba ya mtama ya kule juu ni yenu wote wawili, sawasawa, na mtama ndio ulionilea. Lakini ukimzuia dada yako mlangoni, jembe la kaburi langu usilishike.

Januarius apewe fahali mwekundu. Si fidia, maana miaka yake siwezi kuirudisha. Apewe mbele ya watu, na sababu isemwe.

Nipeni maji kidogo... inatosha.

Msinizike karibu na mfereji. Nizikeni alipolala baba yangu. Mungu awape mvua kwa wakati wake, awape na... ujasiri kuliko wangu. Na ningu wakirudi, waacheni wapande kwanza.

Januarius, umesikia? Haya.

Nyamizi. Kalamu nyekundu imo ndani ya daftari hilo la sandukuni. Fungua ukurasa wa leo... weka nukta. Sikufika.